Kadi Haijaingizwa

Nikizungusha ufunguo tu, mwanamke anasema.
Yumo ndani ya dashibodi, nyuma ya kioo cheusi,
ana sauti ya mtu aliyekwisha oga, asiyedaiwa.
Mama yangu, Somoe binti Chilumba,
kiti cha nyuma, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi,
humjibu: "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"
Miaka miwili sasa.

Gari nililitoa bandarini na ramani yake tumboni.
Haing'oki. Imeshonewa humo kama figo.
Tukiwa Mikindani inatuona baharini,
kimshale chekundu katikati ya buluu, kisiwa hata kimoja hakuna.
Tukiwa Nanyamba, vumbi hadi kwenye meno,
bado tunaogelea.
Bibi haogopi. Ananyamaza, kisha ananena neno refu,
pengine pinda, pengine poleni.

Nikaiamini simu.
Simu ina Kiswahili cha mtihani:
"Baada ya mita mia mbili, geuka kushoto."
Nikageuka. Mikorosho, mikorosho, ghala la chama,
mbuzi mmoja juu ya mizani.
Siku nyingine ilitufikisha ukingoni Newala,
pale wanapopaita Shimo la Mungu,
chini bonde lote mpaka Ruvuma,
ikasema endelea moja kwa moja.
"Hiyo," mama alisema, "imetumwa."
Kabla sijacheka, jua la kwenye kioo likaipiga,
ikapata homa, ikajizima.

Kidude cha tatu ni cha marehemu mjomba Nandonde.
Alibeba nyaya za wapimaji wa gesi;
walipoondoka walimwachia buti zisizolingana
na hiki, cha manjano, kinachokula betri mbili za redio.
Hakina mtu ndani. Hakijui barabara wala kona.
Kinajua nukta tu, na umbali uliobaki.
Nukta kumi na tatu ni za kampuni, zina herufi na tarehe.
Ya kumi na nne haina jina.

Mama ndiye aliyesema twende.
Gari tuliliacha lami ilipokoma, tukashika miguu.
Mita mia tisa. Mia nane na hamsini.
Kidude kinahesabu kama mtu anayerudisha chenji.
Njia ikateremka, ikawa ngazi ya mizizi,
nami moyoni nanung'unika: Jumamosi nzima,
petroli ya elfu arobaini,
kufuata namba ya mtu aliyekufa.
Nne. Tatu. Ikaruka tano, ikarudi mbili,
kama haitaki kwisha.

Jiwe. Bapa, jeusi, lina vibonyeo.
Mama akaweka kiganja kwenye kimojawapo.
"Mitungi," akasema.
"Tukipanda na maji kutoka bondeni tulitua hapa.
Alfajiri tunashuka, jua la utosi tunapanda.
Nandonde na kibuyu chake, mdogo hivi,
nusu anaimwaga njiani, anapigwa, analia, anamwaga tena."
Sikuwa najua. Mimi nilizaliwa bomba lipo.
Akakaa juu ya jiwe. Nikazima kidude,
betri nazo ni pesa.

Jioni, garini, nikamwambia ukweli.
Fundi Mkopi, aliyesomea Nagoya, alinitafsiria tangu mwezi uliopita:
yule bibi hasalimii.
Anasema kadi haijaingizwa,
kadi ya kulipia barabara za kwao.
Kila asubuhi, miaka miwili, anadai kadi.

Mama alikaa kimya nikadhani amesinzia.
Kisha akafungua pochi, akatoa kadi ya mpiga kura,
akapenyeza mkono katikati ya viti, akalitafuta tundu kwa kidole.
Haikuingia.
"Basi atusubiri," akasema.

Nikazungusha ufunguo. Bibi akasema lile lake.
"Marahaba," mama akajibu,
na kimshale kikaanza tena kuvuka bahari.